Gari la biashara si la harusi, spea za bodi zichaguliwe kwa hesabu

MAVUNO yakishauzwa na fedha za mahindi, mpunga na viazi zikaingia mifukoni, wenye magari ya mizigo hukumbuka yale yaliyoahirishwa msimu mzima. Mkulima mwenye pikapu anataka bampa badala ya lile lililopasukia shambani. Mfanyabiashara mwenye Canter anataka kupandisha kingo za bodi ili abebe zaidi. Kijana aliyenunua gari la mtumba kwa mkopo wa SACCOS anataka ngao ya mabomba mbele, taa kali na kerea, ili gari lake lionekane mjini.

Hatuna ugomvi na mtu anayependa gari lake lipendeze. Lakini fedha hizo ndizo zinazosubiriwa na mbolea na mbegu za msimu ujao. Bampa lisilokaa sawasawa hununuliwa mara mbili, na taa mbovu inaweza kumaliza gari, mzigo na maisha ya watu kwa usiku mmoja. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba vifaa vya nje vya gari la biashara vichaguliwe kama zinavyochaguliwa pembejeo: kwa kazi yake, kwa vipimo vyake na kwa risiti.

Jambo la kwanza ni mpangilio. Vitangulie vile vinavyomwezesha dereva kuona na kuonekana: taa za mbele, taa za breki, indiketa, vioo vya pembeni, kioo cha mbele na vibandiko vya kuakisi mwanga. Vifuate vile vinavyolinda mzigo na injini, yaani bodi ya nyuma, mkia wake na boneti inayofunga vizuri. Kisha bampa na madigadi. Urembo uje mwisho, kama kuna kilichobaki. Pikapu yenye madigadi yaliyobonyea inaweza kufikisha nyanya sokoni alfajiri. Gari lililosimama gizani bila taa ya nyuma ni mtego kwa kila anayekuja.

Jambo la pili ni vipimo. Wengi wakifika kwenye maduka ya spea, yawe ya Gerezani jijini Dar es Salaam au ya mikoani, hutaja jina la gari tu. Hilo halitoshi. Hilux ya kizazi cha saba, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Vigo, ilianza kutengenezwa mwaka 2004, na sura yake ya mbele ilibadilishwa mwaka 2008 na tena mwaka 2011. Anayesema "nipe taa ya Vigo" anaweza kurudi Njombe na taa isiyoingia kwenye nafasi yake, na nauli ya kuirudisha ikawa juu yake.

Kinga yake ni rahisi. Fungua boneti au mlango wa dereva, tafuta kibati cha kiwandani, uandike namba ya chasisi na alama za modeli. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japan hayana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17, bali namba fupi inayoanza na alama za modeli. Andika hiyo hiyo. Mara nyingi kibati hicho kina pia namba ya rangi, ambayo humsaidia fundi asikisie. Ukiweza, beba kifaa cha zamani mkakilinganishe dukani, tundu kwa tundu.

Katika taa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, kama Japan na Uingereza. Dubai, Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia. Taa ya mbele iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za kulia huinua mwanga wake upande wa kulia, na hapa kwetu huko ndiko anakotokea mwenzako. Kwa sura taa hizo zinafanana kabisa, lakini usiku moja huonyesha ukingo wa barabara na nyingine hupofusha dereva anayekuja. Uliza ni ya soko gani kabla ya kulipa. Vivyo hivyo, balbu kali za LED zikipachikwa ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu ya kawaida hutawanya mwanga ovyo. Dereva hudhani anaona zaidi, kumbe anawaumiza wenzake.

Jambo la tatu ni kuchagua kati ya kipya halisi, kipya cha kuiga na cha mtumba. Si kweli kwamba kipya ndicho bora siku zote. Mlango wa mtumba uliotoka kwenye gari la aina ile ile mara nyingi hukaa vizuri kuliko mlango mpya wa kuiga wenye bati jembamba na matundu yaliyopishana. Lakini mtumba nao una hila zake. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe juu ya bati. Mahali inapokataa kushika, huenda pana puti nene iliyoficha mkunjo au kutu. Kisha mwambie fundi apachike kifaa kwanza, afunge na kufungua, ndipo apige rangi. Kikishapigwa rangi, muuzaji atakataa kukipokea, na hapo atakuwa na haki.

Yupo pia muuzaji wa kichochoroni mwenye kioo cha pembeni au taa ya bei ya kutupa, bila duka wala risiti. Kununua mali unayojua au unayopaswa kushuku kuwa ni ya wizi ni kosa la jinai. Isitoshe, anayenunua leo ndiye anayelipia wizi wa kesho, pengine wa gari lake mwenyewe. Chora namba ya gari kwenye vioo na taa zako.

Jambo la nne ni nyongeza. Tuseme pikapu yako imeruhusiwa kubeba kilo 1,000. Ukifunga ngao ya chuma, kingo za mabomba na kerea, vyote vikawa na uzito wa kilo 150, umeondoa gunia moja na nusu la mahindi la kilo 100 katika kila safari. Ukilipakia hata hivyo, springi, breki na matairi ndivyo vitakavyolipa. Ngao nzito pia huelemea springi za mbele, huweza kuziba taa na hewa ya rejeta, na ikigonga mtu humuumiza zaidi kuliko bampa la plastiki. Kama unapita porini kwenye ng'ombe na wanyama, una sababu ya kuifunga. Kama safari zako ni za lami kutoka Kibaigwa kwenda mjini, ongeza turubai imara badala yake.

Msisahau kutu. Mbolea za chumvichumvi, samadi na maji ya samaki hula bati la bodi haraka, na hewa ya bahari ya Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar huongeza kasi. Osha bodi kila baada ya mzigo wa namna hiyo. Kila tundu linalotobolewa kufungia nyongeza lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya bolti kuingia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwisho, kila manunuzi yawe na risiti ya mashine ya EFD, na muuzaji aandike aina ya gari, mwaka, na kama kifaa ni halisi, cha kuiga au mtumba. Bila karatasi hiyo, malalamiko yako ni maneno matupu. Ukibadili rangi ya gari, kumbuka kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya usajili, hivyo TRA wajulishwe, na kampuni ya bima iambiwe kuhusu nyongeza zote.

Kwa wenye maduka, tunawaomba waache kumwita mteja "boss" wakati wa kulipa na kumsahau anaporudi na kifaa kisichoingia. Mkulima aliyeuziwa vizuri huwaleta majirani zake. Na Shirika la Viwango (TBS) pamoja na Tume ya Ushindani (FCC), ambazo kazi yao ni viwango na bidhaa bandia, zisiishie kwenye sabuni na nyaya za umeme. Zipite pia kwenye taa na vioo vya magari, kwa maana huko bidhaa mbovu haiharibu nguo, inaua.