Mistari ya Kimwera
Orodha za ngoma mpya za hip-hop zinazotumwa kutoka Dar es Salaam zimenichosha. Nazisikiliza juu ya bodaboda nikitoka Nachingwea kwenda Ruangwa, na nusu yake ni London iliyohamia Kinondoni. Huo mnauita ubunifu?

Sikilizeni Yallah Beibe ya MC Yallah, ya 2023. Mzaliwa wa Kenya aliyekulia Uganda, anachana kwa Kijaluo, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza juu ya midundo ya Debmaster, Chrisman na Scotch Rolex, inayokwaruza kama bati. (Mara ya kwanza nilidhani spika imekufa.) Kisha rudini kwa X Plastaz wa Arusha, Maasai Hip Hop, 2004: sauti ya Kimaasai mle si pambo.

Huku Kusini tuna Kimwera na sindimba, tunavificha. Msimu wa korosho uliopita kijana wa Ruangwa aliniletea wimbo wenye mistari ya Kimwera. Mimi, mjuaji, nikamwambia aitoe, redio hazitaupiga. Akaitoa. Redio hazikuupiga vilevile. Rekodi ya kwanza alishaifuta kwenye simu. Nimemwomba arekodi upya. Anasema maneno alipewa na bibi yake, na bibi tumeshamzika.