Jeni, Chumvi na Udongo wa Sugoi

Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa jinsi mimea inavyostahimili chumvi, hutaja mikoko ya Lamu na kuishia hapo. Jibu si baya, ila halitoshi. Mimea mingi ina jeni iitwayo SOS1, inayotengeneza pampu ya kuitoa sodiamu ndani ya seli za mizizi. Pampu hiyo haiendeshwi ovyo: chumvi inapozidi, seli hupata ishara na jeni huongezewa kazi.

Mkulima wa Sugoi ataniuliza hayo yanamhusu nini, ilhali udongo wa chumvi uko Bura na Hola. Naam. Kwetu Uasin Gishu adui ni asidi. Kipimo cha pH kinaposhuka chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Mahindi hukaa na njaa penye mbolea. Na mbolea ya DAP, tuliyoimwaga mashambani miaka nenda miaka rudi, imeuzidisha uchachu huo.

Mtama ndio uliotufumbulia siri. Mwaka 2007 watafiti wa Brazili na Marekani waliitangaza jeni ya SbMATE. Alumini inapokaribia, jeni hiyo huamka katika ncha za mizizi, na mmea ukatoa sitreti, itokanayo na asidi ile ile ya ndimu, kuifunga sumu isidhuru. Mwaka 2013 ikabainika kwamba baadhi ya mahindi sugu yana nakala 3 za jeni ya namna hiyo badala ya 1. Jeni ni ile ile. Kilichozidi ni kazi yake. Sifa hii ni ya asili, hivyo mbegu yaweza kupatikana kwa kuchavusha tu.

Profesa Samuel Gudu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Moi wamechunguza mahindi na mtama wa Kenya katika udongo wa namna hii. Hata hivyo, kila msimu wa kupanda mjadala wetu ni bei ya gunia la mbolea. Chokaa ya Koru haitajwi. (Simlaumu mkulima, hununua alichowekewa dukani.) Mbegu sugu nayo haiondoi asidi, humpa mkulima muda tu.

Walimu wa bayolojia wa Sugoi wana shamba la shule na wanafunzi wenye majembe. Wapande mstari mmoja penye chokaa na mwingine pasipo, kisha waing'oe mimea baada ya wiki 4, waitazame mizizi.