Kazi ya Mkono Ina Thamani Yake

Kufuma shali, mitandio na vipochi kwa kroshia si mchezo wa kupitishia wakati. Katika njaa kuu ya Ireland, kati ya 1845 na 1852, familia nyingi za kisiwa kile zilipata riziki kwa lesi ya kroshia iliyofumwa na wanawake na kuuzwa ng'ambo. Hadi leo mashine za kawaida za viwandani hazifumi kroshia ya kweli. Kila kitanzi ni cha mkono. Hata hivyo, kazi ya siku nyingi huharibiwa na uzi duni unaochuja rangi. Tunawaomba wakuu wa biashara wa Unguja na Pemba wawarahisishie wafumaji kupata nyuzi bora za pamba. Nasi wanunuzi tuache kupatana bei kana kwamba mkono hauchoki.