BAISKELI YA BABU SI CHUMA CHAKAVU

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3

Najua wengi wenu mtakimbilia vichekesho na mashairi kwanza. Haya, kimbilieni, lakini mkimaliza mrudi hapa.

Ndugu wasomaji, ni boma ngapi hapa kwetu Kisegi zenye baiskeli kuukuu iliyoegemezwa nyuma ya jikoni, kuku wakilala juu yake? Si chache. Hebu zihesabu wiki hii, kisha uzihesabu tena muhula ujao, maana wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani yao, na kila wakipita zinapungua. Mimi nasema hilo ni kosa. Nasema hivyo kwa sababu ya kwetu nusura iende.

Ilikuwa ya marehemu babu, Raleigh nyeusi, zile ambazo wazee huziita Black Mamba. Babu aliitumia kupandishia samaki kutoka ufuoni hadi soko la Magunga, kikapu kimefungwa kwenye kerea kwa mpira wa tyubu. Alipofariki iliwekwa ukutani, ikakaa hapo miaka tisa. Desemba iliyopita baba mdogo akamwita mnunuzi. Ilitundikwa kwenye mizani kama mbuzi: kilo 19, kila kilo shilingi 30. Jumla 570. Nyanya alikuwa akichambua omena, hata hakuinua kichwa. Akasema tu, "Hiyo pesa hata jogoo haiwezi kununua."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo nikasema nitaitengeneza mimi. Wote walicheka, mnunuzi akiwa wa kwanza. Baba mdogo akanipa masharti: "Shule zikifunguliwa na hiyo kitu haitembei, inakwenda."

Kuifungua kulinichukua asubuhi moja. Kuifunga kulinichukua wiki tatu. Mwenye kujua kufungua tu hajawa fundi, na nilijifunza hilo kwa aibu. Kwanza ilikuwa pedali ya kushoto. Kumbe pedali hiyo inafunguka kinyume, yaani ukitaka kuilegeza unaizungusha upande ambao kwa nati za kawaida ungekuwa unakaza! Mimi sikujua. Niliikaza kwa nguvu zangu zote, kisha nikamsimamisha ndugu yangu mdogo juu ya spana ili anisaidie kuikaza zaidi. Tulitoka jasho bure hadi fundi mmoja wa ufuoni alipopita akatucheka, akaturekebisha.

Pili ni gololi. Pale katikati ya fremu, ekseli ya pedali inazunguka juu ya gololi 22 za robo inchi, 11 kila upande, hazina kitu cha kuzishika ila grisi. Grisi yetu ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi, hivyo nilipotoa kikombe zilimwagika zote na kutawanyika uani. Tuliokota 19. Mbili tukazipata chini ya gunia. Ile moja haijaonekana hadi leo, na nyanya alishinda akimtazama jogoo kwa jicho baya. Nilitaka kununua moja tu kufidia, lakini fundi akanikataza. Alisema gololi mpya ikichanganywa na zilizolika, ile mpya ndiyo itakayobeba mzigo wote, na itakula njia yake haraka. Nunua zote au usinunue.

Tatu ni kota, kile kijipini chenye bapa upande mmoja kinachoshika mkono wa pedali kwenye ekseli. (Mwalimu mmoja aliniuliza kota ni nini kwa Kiswahili sanifu. Nilimjibu: ni kota, mwalimu.) Ziko mbili, na mikono ikisimama wima, moja lazima iingie kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma. Mimi nilizigonga zote kutoka upande mmoja. Nikapanda, nikahisi nachechemea nikiwa nimekaa! Mikono ya pedali ilikuwa haikutazamana sawasawa. Nikafungua tena.

Lakini nililoogopa zaidi lilitokea niliporudi kutoka Sori, kule Karungu, upande wa Migori, nilikokwenda kununua vipuri. Muuzaji alinipa vikombe vipya vya ekseli, vinang'aa kweli. Kimoja kiliingia nusu mzunguko, kikakwama. Nilishika nyundo. Laiti ningegonga, leo nisingekuwa na la kuwaandikia, kwa sababu fremu za Raleigh zilizotoka Nottingham zilikatwa nyuzi 26 kwa kila inchi, na baiskeli nyingine nyingi zina 24. Ukilazimisha, unazisaga nyuzi za fremu, na fremu ikishaharibika pale, mnunuzi wa chakavu amepata haki yake. Nilivirudisha vile vya zamani, nikavisugua kwa mafuta ya taa na kitambaa hadi nikaona uso wangu, nikatia gololi mpya na grisi. Vinazunguka kimya kabisa.

Sasa mtaniuliza, kwani kuna nini ndani ya hilo likweche la wazungu? Kampuni yenyewe ilianza mwaka 1887 huko Nottingham, Uingereza, na kufikia mwaka 2002 kiwanda cha huko kilikuwa kimeacha kuunganisha baiskeli. Hivyo iliyo nyuma ya jikoni ni ya ukoo ambao hauzaliwi tena pale ulipozaliwa. Lakini mimi si mtu wa makumbusho. Kinachonigusa ni jinsi ilivyotengenezwa. Kila kitu ndani yake kinaweza kufunguliwa na mtu wa kawaida, kikasafishwa, kikarudishwa. Gurudumu la mbele lina spoki 32, la nyuma 40 kwa kuwa ndilo linalobeba mzigo, na ikikatika moja unabadilisha hiyo moja. Breki zake ni za fito za chuma zinazovuta mpira juu dhidi ya rimu, hakuna waya wa kuoza. Na tairi zake, 28 kwa 1½, bado zinauzwa, kwa sababu Wahindi waliendelea na kipimo hichohicho kwenye baiskeli zao kama Hero za Ludhiana, zilizoanza mwaka 1956. Redio yetu ya sola ilipokufa tuliitupa. Baiskeli iliyolala miaka tisa kwenye mavi ya kuku imefufuka.

Baba mdogo alipoona kweli inafufuka akataka tuipulizie rangi nyekundu. Nilikataa katakata. Chini ya masizi kulikuwa na mistari myembamba ya dhahabu, na kwenye gia ya mbele vilichongwa vichwa vitatu vya korongo, ndege wa jamii ya hao wanaosimama hapa ufuoni wakivizia samaki. Kutu niliiondoa kwa brashi ya waya na msasa pale ilipokuwa inakula chuma. Mahali pengine nilipaka mafuta nikaacha. Mkwaruzo mmoja kwenye fremu nyanya anaujua tarehe yake.

Kuna watakaosema nimepoteza pesa. Hesabu ndiyo hii: tairi mbili 1,500, tyubu mbili 500, gololi na kota 200, spoki nne 80, grisi 150. Jumla ni shilingi 2,430, pesa za mandazi niliyowauzia wavuvi alfajiri likizo nzima. Ndiyo, ni zaidi ya mara nne ya bei ya chakavu. Lakini nauli ya bodaboda kutoka kwetu hadi shuleni, kwenda na kurudi, ni shilingi 100. Siku 25 za masomo zimerudisha zote. Na hao wa bodaboda wasitudharau sana: jina lenyewe lilizaliwa na baiskeli, pale mpakani Busia, miaka ya 1960. Pikipiki zilifurika baadaye, hasa serikali ilipoondoa kodi kwenye zile zisizozidi 250 cc mwaka 2008. Sina ugomvi nazo. Mgonjwa usiku utampakia kwenye pikipiki. Ila mwanafunzi mwenye miguu miwili mizima, ambaye kwao kuna baiskeli imelala, kwa nini afike mstari wa asubuhi amechelewa, eti hakuwa na nauli?

Nimelifikia lile lililonifanya niandike. Mimi ni msichana. Siku ya kwanza niliyopita sokoni nikiendesha, mama mmoja alishika kifua akasema nimekosa adabu, ati msichana kupanua miguu juu ya chuma cha wanaume. Wavulana wa darasa langu nao wakapiga mbinja. Wenzangu wa kike, nawaambia wazi, siku hiyo nililia. Kesho yake nikavaa suruali ya michezo chini ya sketi, nikapita tena. Lakini langoni niliambiwa suruali hiyo si sare, niivue. Nitaivulia wapi? Na kesho nitaruka vipi ile bomba ya juu?

Walimu wetu, nawaheshimu, na ninaomba mambo mawili tu. Turuhusiwe suruali ya michezo hadi ndani ya lango, wasichana tunaokuja kwa baiskeli. Na tupewe ule upande wa kivuli nyuma ya stoo, tuchimbie nguzo mbili na mbao moja ya kuegemeza baiskeli na kufungia mnyororo. Mbao nitaleta mimi, baba mdogo ameahidi. Spana nazo ninazo, na Jumamosi baada ya vipindi niko tayari kukaa hapo na yeyote atakayeleta la babu yake, awe mvulana au msichana. Waliopiga mbinja pia waje. Watatu kati yao wameshaniuliza pedali ya kushoto inafungukaje.

Yangu bado haijakamilika. Kengele sijaipata, hata Sori hakuna iliyofaa, na breki ya nyuma inalia nikiteremka kutoka mlimani. Kwa sasa nikikaribia ile kona ya sokoni, natumia mdomo: "Kaa kando! Kaa kando!" Na yule mama huwa wa kwanza kusogeza karai lake la samaki.