Pumzi ya Mzee Angani



Wiki chache zilizopita tulikuwa katika ofisi moja ya safari za Hija na Umra, tukamsikia kijana akimnasihi baba yake mlangoni: "Baba, wakikuuliza, sema huna maradhi yoyote." Mzee, ambaye alikuwa amesimama mara mbili kutafuta pumzi kabla ya kuzimaliza ngazi za ghorofa ya kwanza, akaitikia kwa upole, "Inshaallah, mwanangu."

Hatukuwalaumu. Familia hudunduliza kwa miaka mingi ili mzazi aione Makka, na hofu ya kuambiwa "huyu hasafiri" si ndogo. Hata hivyo, nasaha ile ilitutia wasiwasi, nasi tumeona tuieleze hatari yake.

Ndege kubwa za abiria huruka kati ya mita 10,000 na 12,000, yaani karibu mara mbili ya kilele cha Kilimanjaro. Hewa ya ndani hushindiliwa kwa mitambo, ila haifikishwi kiwango cha pwani. Huwa kama hewa ya mahali palipoinuka mita 1,800 hadi 2,400. Mtu aliyepanda ndege Dar es Salaam au Mombasa huweza kukaa saa nne au tano kana kwamba yuko Addis Ababa, na kila pumzi anayoivuta ina oksijeni pungufu kwa takriban robo. Mwenye afya njema hahisi kitu. Lakini yule ambaye mapafu yake yamechakaa kwa sigara, kwa moshi wa kuni au kwa kifua kikuu cha zamani, mwenye moyo uliochoka, mwenye upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa selimundu, huenda robo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsitiri.

Wapo wanaosema, "Si kuna barakoa zinazoshuka kutoka juu?" Zile hazikuwekewa wagonjwa. Hushuka pale tu hewa ya ndani inapopungua ghafla, na oksijeni yake, ambayo katika ndege nyingi huzalishwa kwa kemikali baada ya abiria kuivuta barakoa, hudumu kama dakika 12 hadi 15. Muda huo unatosha rubani kuishusha ndege hadi karibu mita 3,000. Mzazi hutakiwa avae yake kwanza, kisha amvalishe mtoto. Jambo hili huwauma akina mama wengi wanapolisikia, lakini katika mita 11,000 fahamu zinazofaa kwa kazi hazizidi dakika moja.

Marubani nao wana barakoa zao, zilizotengenezwa ili zivaliwe kwa mkono mmoja ndani ya sekunde tano. Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya shirika la Helios iliyotoka Larnaca, Cyprus, iliruka huku swichi ya kushindilia hewa ikiwa imeachwa mahali pasipostahili. King'ora kililia, marubani wakakidhania kuwa cha hitilafu nyingine, na barakoa zao hawakuzivaa. Ndege ilizunguka angani ikijiendesha yenyewe hadi mafuta yakaisha, ikaanguka karibu na Athens na kuua watu wote 121. Upungufu wa oksijeni una hila hii: huondoa kwanza ile akili ambayo mtu angeitumia kuutambua. Ikiwa rubani aliyefunzwa hudanganyika, basi neno la mzee "mimi sijambo" lisiwe ndiyo kipimo chetu.

Mpelekeni kwa daktari mapema, mkamwambie kwamba ni safari ya ndege. Hata nyumbani ipo dalili: asiyeweza kutembea mita 50 au kupanda ngazi za ghorofa moja bila kutweta, achunguzwe. Kile kifaa cha kubana kidoleni tulichokizoea wakati wa Korona nacho husaidia. Asilimia 92 au chini yake kwa mtu aliyetulia pwani ni jambo la kujadiliwa na daktari kabla ya kukata tiketi.

Kuhitaji oksijeni si lazima kuwe kuzuiwa. Daktari hujaza fomu ya shirika la ndege, ambayo kwa kawaida hutakiwa siku mbili au tatu kabla ya safari, ingawa sisi tungeshauri wiki kadhaa. Mtungi wa nyumbani mashirika mengi huukataa. Baadhi hutoa wao kwa malipo, wengine huruhusu mashine ndogo inayochuja oksijeni kutoka hewani, mradi ni ya aina waliyoikubali na betri zitoshe mara moja na nusu ya muda wa safari. Betri za akiba hubebwa mkononi. Haziwekwi katika mizigo ya chini.

Mtungi wa ndani ya ndege aghalabu hauteremki na mgonjwa. Anayebadilisha ndege njiani aulize nani atampa oksijeni katika zile saa za kusubiri uwanjani, na aulizie pia safari ya kurudi, ambayo familia nyingi huisahau.