Si misuli peke yake, hata akili

Napenda kutoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo limenikalia moyoni tangu matayarisho ya michezo ya UMITASHUMTA shuleni kwetu.

Nilikuwa nawaeleza vijana wangu ubaya wa dawa zilizokatazwa michezoni. Mwanafunzi mmoja wa darasa la saba akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, redioni wanasema ni dawa za kusisimua misuli. Je, kama dawa haigusi misuli bali inaamsha akili tu, kosa liko wapi?" Kwa kweli sikuwa na jibu la haraka. Nikaona kuwa kosa la kwanza ni letu watu wazima, kwa sababu jina tulilozipa dawa hizi linataja misuli tu, kana kwamba mchezaji hana kichwa.

Ndugu Mhariri, dawa za akili zipo na zimekwisha kuharibu michezo. Kuna modafinil, ambayo madaktari huwapa watu wenye maradhi ya kusinzia ovyo mchana. Kuna methylphenidate, ambayo hupewa watu wenye shida ya kutulia na kuzingatia jambo. Ziko pia amfetamini, ambazo ni za zamani zaidi. Mtu mzima wa afya akizimeza hutafuta kuwa macho, kutosikia uchovu na kuwahi kuitikia mlio wa bastola. Zote hizi zimekatazwa wakati wa mashindano.

Mwaka 2003, katika Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Paris, Kelli White wa Marekani alishinda mita 100 na mita 200. Alipopimwa alikutwa na modafinil. Alijitetea kuwa anaumwa maradhi ya kusinzia, na kwamba dawa hiyo haikutajwa kwa jina katika orodha ya wakati ule. Mwaka 2004 alikubali kufungiwa miaka miwili, akakiri kuwa alitumia na dawa nyingine zilizokatazwa, na medali zote mbili zikamtoka. Mwaka huo huo modafinil iliandikwa kwa jina katika orodha.

Wako watakaouliza: mbona kahawa inaruhusiwa, nayo huamsha akili? Ni kweli kuwa kafeini iliondolewa katika orodha mwaka 2004. Wengine watasema kuwa wagonjwa nao wana haki ya kutibiwa. Hilo pia ni kweli. Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, alitumia methylphenidate kwa ruhusa, na mwaka 2016 habari zake za matibabu zilipoibwa na kutangazwa, ilionekana wazi kuwa hakuvunja sheria yoyote. Mgonjwa asionewe. Lakini mlango wa mgonjwa usigeuzwe njia ya mwizi. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilianza kukataza amfetamini mwaka 2006. Mwaka ule wachezaji 28 walipewa ruhusa ya kutumia dawa za maradhi ya kutozingatia. Mwaka 2007 walikuwa 103. Je, maradhi hayo yaliambukiza kama surua?

Kuna na suala la uhai. Uchovu ni taarifa ambayo mwili unamletea mwenyewe. Mwendesha baiskeli Tom Simpson wa Uingereza alianguka na kufa mlimani Mont Ventoux mwaka 1967, katika mashindano ya Tour de France, jua likiwa kali. Alikutwa na amfetamini na pombe mwilini. Taarifa ilikuja, lakini dawa ilikuwa imeziba masikio.

Sasa nije kwetu. Siku ya michezo sisi walimu huwapa watoto maji ya glukosi. Glukosi ni sukari tu, wala haina kosa. Lakini mwaka 2004 mkimbiaji Torri Edwards wa Marekani alimeza vidonge vya glukosi vilivyonunuliwa katika kisiwa cha Martinique, kumbe vilichanganywa na nikethamide, dawa ya kusisimua iliyokatazwa. Mahakama ya michezo ilikubali kuwa hakukusudia kudanganya, hata hivyo alifungiwa na kuikosa Olimpiki ya Athens. Ikiwa mkimbiaji wa dunia, mwenye watu wa kumhudumia, aliponzwa na kidonge cha glukosi, sembuse mtoto wa kijijini anayepokea chochote kutoka mkononi mwa mwalimu wake?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, walimu wenzangu tusimpe mtoto kidonge wala kinywaji ambacho hatukusoma maandishi yake. Pili, wenye maduka ya dawa wasiuze dawa za akili bila cheti cha daktari, iwe ni kwa mwanamichezo au kwa mwanafunzi anayekesha kusubiri mtihani. Tatu, vyombo vya habari na viongozi wa michezo waseme wazi kuwa marufuku inahusu misuli na akili pia.

Yule kijana nilimjibu wiki iliyofuata. Nilimwambia kuwa katika mbio tunataka kujua nani alijizoeza kuamka mapema, kuvumilia na kutuliza moyo wake penye mstari. Hayo yote ni kazi ya akili. Akiyanunua dukani, aliyeshinda ni kidonge. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi medali wangepewa wenye duka." Darasa zima likacheka, nami nikaona wameelewa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.