MAKUTANO YA BARABARA: TUSIISINGIZIE QADAR



Ndugu zetu katika Imani, sisi tuliotoka Ras Kamboni na visiwa vya Chula, Koyama na Chovai tumelelewa na bahari. Mtoto alifunzwa mkondo na upepo, na hakuna mzazi aliyemwacha avuke mlango wa bahari peke yake. Vita vya 1991 viliwaleta wengi wetu Mombasa. Leo bahari ya watoto wetu ni lami.

Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za barabara ya pwani kutoka Bagamoyo hadi Malindi, na ndani yake imo barabara yetu ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi. Hatupingi barabara. Tunachopinga ni makutano yanayochorwa kwa ajili ya gari peke yake, kona zikiwa pana ili dereva apinde bila kupunguza mwendo, na steji ya matatu ikiwa mdomoni mwa njia panda.

Hebu tupige hesabu. Njia nne za mita tatu na nusu kila moja ni mita 14. Mtoto anayetembea mita moja kwa sekunde anataka sekunde 14 kuvuka. Gari la kilomita 80 kwa saa, kwa muda huo, limekwenda zaidi ya mita 300. Sasa mweke mtoto huyo na juzuu yake mkononi, anatoka madrasa Magharibi inapoingia, na taa hakuna.

Tutaambiwa kuna daraja la kuvukia juu. Je, liko wapi? Mama mwenye ndoo ya samaki na mzee wa magoti mabovu hawatazunguka nusu kilomita na kupanda ngazi. Barabara ya Thika ilifunguliwa Novemba 2012, na baadhi ya madaraja ya waenda kwa miguu yalikuja baadaye, watu wakiwa wamekwisha kuzoea kuvuka mbio. Wengi walikufa hapo.

Mtoto akigongwa twasema, "Ni qadar." Ni kweli, hakuna litokalo nje ya qadar ya Allah (S.W.). Lakini Suratun Nisaa imeweka kafara na diya hata kwa aliyeua kwa kukosea. Kama qadar ingefuta dhima, diya ingekuwa ya nini? Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Basi ni vipi kuujenga udhia wenyewe?

Dawa ipo, wala si ghali. Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka vijia vya miguu, vivuko na matuta karibu na shule, na majeruhi watoto wakapungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa. Kwetu tunataka kona za kubana, kisiwa cha kusimama katikati, kivuko kilichoinuliwa, taa, na steji iliyo mbali na makutano.

Tujisute nasi pia. Ijumaa magari yetu huziba njia panda mbele ya misikiti, na vijana wetu hupakia watoto watatu kwenye bodaboda bila kofia. Anayedai haki ya njia na aanze kuitoa.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 10, imetupa haki ya kushirikishwa. Wazazi wa Bombolulu, Bamburi, Shanzu na Mtwapa, iteni mkutano baada ya Swala, muombe Mamlaka ya Barabara Kuu iwaonyeshe mchoro wa makutano yenu, na muandike barua mkitaja mahali watoto wanapovukia. Nanyi mlio Ras Kamboni na Kismayu, yahifadhini haya: lami ikifika kwenu, ulizeni kabla zege halijamwagwa. Baadaye huwa ni kusoma talqini.

Wabillahi tawfiq.